Kueleza tasnifu kwa mtu ambaye hataisoma

Jumapili jioni

Mashindano ya Three Minute Thesis, yaani ya kueleza tasnifu kwa dakika tatu, yalianza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na masharti yake ni makali kwa namna ninayoipenda. Mwanafunzi anapanda jukwaani na slaidi moja tu isiyosogea. Hana sauti ya kurekodiwa, hana kifaa mkononi, haruhusiwi kuimba wala kughani, na akipitiliza dakika tatu ametolewa. Waandaaji hupenda kukumbusha kwamba tasnifu ya maneno 80,000 ingechukua saa tisa kuwasilishwa. Wengi wakisikia hivyo hudhani wametakiwa kuzisindilia saa tisa ndani ya dakika tatu, na hapo ndipo mambo yanapoharibika: kinachotoka ni ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo wa tasnifu, iliyosomwa mbiombio.

Nikilitafakari jambo hili narudi palepale. Tasnifu ina maswali mengi, na anayeieleza kwa umma inambidi achague moja, lile ambalo hata mtu asiyejua fani hiyo angeweza kuliuliza mwenyewe. Kisha aonyeshe alifanya nini kwa mikono yake ili alijibu. Wengi hufanya kinyume: dakika mbili za usuli, nusu dakika ya mbinu, matokeo yakimwagwa mwishoni. Msikilizaji anaambiwa jibu la swali ambalo hajawahi kuwa nalo.

Kuna jaribio ambalo kila mwanafunzi wa uzamivu angepaswa kulijua, na tena lenyewe ni la tasnifu. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford aliwataka watu wagonge mezani kwa kidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana na wengi, wenzao wazitambue. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya 120, zilitambuliwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani mwake, ala na maneno. Anayesikiliza anaambulia ko-ko-ko. Ndiyo maana kufuta istilahi peke yake hakusaidii sana. Unaweza kusema kila kitu kwa maneno ya sokoni na bado ukawa unagonga meza.

Kipimo ninachokiamini ni kimoja. Mweleze mtu wa nje ya fani yako kwa dakika moja, kisha mwombe akusimulie wewe. Usimkatize, usimsahihishe. Andika aliporuka, alipobuni, na neno gani alilitumia badala ya lako. Mara nyingi neno lake ni bora kuliko lako, nawe una haki ya kulichukua. Alipobuni ndipo ulipoacha pengo.

Tuchukue mfano, tuone kazi inavyokwenda. Ikisiri inasema: “Utafiti huu unachunguza uhusiano baina ya kiwango cha unyevu na ukuaji wa kuvu katika nafaka zilizohifadhiwa.” Sentensi haina kosa, lakini haina mtu ndani yake wala tukio. Igeuze iwe: “Nafaka ikiingia ghalani haijakauka vizuri, inaota kuvu. Mimi nataka kujua: ikiwa mbichi kiasi gani ndipo hatari inapoanza?” Sasa kuna swali. Usikimbilie jibu. Onyesha kwanza kazi: umepanga chupa mezani, kila chupa ina nafaka yenye unyevu wake, zote zimekaa kwenye joto moja, na kila baada ya muda fulani unafungua, unachota punje, unaziweka kwenye sahani ya maabara na kuhesabu zilizoota kuvu. Eleza kwa nini zote ziko kwenye joto moja; hicho ndicho kiini cha sayansi, na mtu yeyote anakielewa akiambiwa. Kama joto lingetofautiana, usingejua ni maji au ni joto lililoleta kuvu.

Halafu namba. Ukisema “unyevu wa asilimia 13” watu wanatikisa kichwa kwa adabu tu. Sema “katika kila gramu 100 za nafaka, gramu 13 ni maji,” na punje inayoonekana kavu kabisa inaanza kushangaza.

Ukifika hapo, jiandae kwa swali litakalokuja, kwa sababu litakuja: mimi sina mashine, nitajuaje? Jibu lipo, nalo ni la chumvi. Tia chumvi kavu kabisa kwenye chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, ongeza punje, funga, tikisa kwa nguvu, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, uko chini yake. Na hapa mtafiti aongeze neno ambalo wengi huliacha: njia hii inakwambia kuhusu 15, haikwambii kuhusu 13. Mtu anayetaka kuhifadhi kwa muda mrefu asiridhike nayo. Nusu sentensi hiyo ya mpaka ndiyo inayomtofautisha mtafiti na muuza dawa wa stendi.

Suala la hatari na asilimia lina mitego yake, na mtego mkubwa ni “maradufu”. Oktoba 1995 huko Uingereza, kamati ya usalama wa dawa ilionya kwamba vidonge vya uzazi wa mpango vya kizazi cha tatu vinaongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Ilikuwa kweli: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi wanawake 2 kati ya 7,000. Lakini umma ulisikia “maradufu” tu. Wanawake wengi waliacha vidonge ghafla, na mwaka uliofuata idadi ya mimba zilizotolewa katika England na Wales ilikadiriwa kuongezeka kwa takribani 13,000. Na mimba yenyewe inaleta uwezekano mkubwa zaidi wa damu kuganda kuliko vile vidonge. Kwa hiyo kila unapotaja ongezeko, taja pia lilianzia wapi, na utumie kizio kilekile pande zote mbili. Usiseme 1 kati ya 7,000 hapa, asilimia 0.03 pale.

Slaidi haihitaji maneno mengi. Picha moja au mchoro mmoja. Andika jina la kila mstari kwenye mstari wenyewe, usimlazimishe mtu kupeleka macho pembeni kwenye ufunguo wa rangi. Nyekundu na kijani zisitegemewe peke yake. Kwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, karibu mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kuzitofautisha. Igeuze slaidi iwe nyeusi na nyeupe. Ukiona bado inasomeka, imepita.

Kwa dakika tatu za Kiswahili nisingeandika zaidi ya maneno 300. Miongozo ya Kiingereza huruhusu zaidi, lakini neno letu moja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo hesabu zao hazitufai. Soma kwa sauti, umesimama, saa mbele yako. Lenga kumaliza dakika mbili na sekunde arobaini, kwa sababu ukumbi wenye watu una vicheko na vikohozi vyake. Kariri sentensi ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno. Katikati kariri mpangilio tu. Anayekariri yote akisahau neno moja, anasahau yote.

Kuna mambo ya kutosema, na haya huwaponyoka hata walio makini.

La kwanza ni uvumbuzi. Ukitarajia kuomba hataza, yaani haki ya kisheria juu ya uvumbuzi wako, usieleze hadharani namna kifaa kinavyofanya kazi kabla ya maombi kuwasilishwa. Katika mfumo wa hataza wa Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kutangazwa kwa umma si mpya tena, na hotuba ya mdomo inahesabiwa sawa na maandishi. Marekani inatoa muhula wa miezi 12. Usiuchukulie kuwa uko kila mahali. Bango la mkutano na video ya nusu dakika navyo vinahesabiwa.

La pili ni watu waliokupa taarifa zao. Kubadilisha jina hakutoshi. Latanya Sweeney, mtafiti wa faragha ya data, alionyesha, kwa kutumia sensa ya Marekani ya 1990, kwamba takribani asilimia 87 ya wakazi wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Ukisema “mwalimu mstaafu mwenye mapacha katika kijiji kimoja chenye shule moja,” umeshamtaja. Angalia pia fomu ya ridhaa inasema nini: mtu aliyekubali sauti yake itumike kwenye uchambuzi hajakubali isikike kwenye podikasti. Rudi ukamwombe upya, na kamati ya maadili ijue.

La tatu ni mahali. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake viwianishi, yaani namba za ramani, vya pale ilipopigwa. Kwa anayetafiti mmea au mnyama adimu, kuitupia picha hiyo mtandaoni kama ilivyo ni sawa na kumchorea jangili ramani. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kwenda uwandani, na hata hivyo futa taarifa hizo kabla ya kutuma. Mlima unaoonekana nyuma ya picha nao ni anwani.

Data za pamoja zina wenyewe. Msimamizi na waandishi wenza waulizwe mapema, kwa maandishi, kwa sababu majarida mengine yana masharti kuhusu matokeo kutangazwa kabla ya makala kutoka.

Na maisha yenyewe ya uzamili na uzamivu? Naona yana faida kwa msomaji yanapoonyesha kazi: kwa nini jaribio linarudiwa, mashine ikiharibika ratiba inakuwaje, dodoso la majaribio linafichua nini kuhusu swali lililoandikwa vibaya. Malalamiko dhidi ya msimamizi ni jambo jingine. Hata usipomtaja, idara ni ndogo, kila mtu anamjua. Sema pia nani anafadhili, mwanzoni, kwa sentensi moja.

Wakati wa maswali, rudia swali kwa sauti kabla ya kujibu. Walio nyuma hawakulisikia, nawe unapata pumzi. “Hatujui bado” ni jibu kamili ikifuatwa na jaribio ambalo lingeweza kuleta jibu. Swali gumu kuliko yote ni la mgonjwa: mtu anasimama, anaeleza hali yake au ya mwanawe, anauliza afanye nini. Utafiti wako unahusu wastani wa kundi, yeye ni mmoja, nawe huna faili lake. Mwambie hivyo kwa upole, usimtajie dozi wala umwambie aache dawa, mwelekeze kwa daktari wake, na umpe karatasi yenye jina la utafiti na sentensi mbili za matokeo ili aende nayo.