Kiwiko kinachoanzia mguuni

Nikiwaza juu ya viwiko katika sanaa za mapigano za Kichina, fikra zangu hurudi kila mara kwenye dingxinzhou ya bajiquan, mtindo wa mapigano ya karibu wa kaskazini mwa China. Ni kiwiko kinachoelekezwa kwenye chembe cha moyo, na kwa macho ni jambo jepesi: mtu anaingia hatua moja, anakanyaga, kiwiko kimefika. Ila anayekodolea macho kiwiko peke yake hajaliona pigo. Mkono hapo unapitisha tu uzito wa mwili ambao tayari umeshaondoka.

Bajiquan ilikulia Mengcun, eneo la Cangzhou katika mkoa wa Hebei, miongoni mwa Waislamu wa Kihui. Li Shuwen (1864–1934), bingwa wake anayetajwa kuliko wote, alisifika kwa mkuki. Kwangu mimi hilo linaeleza mengi, maana mkuki husukumwa na miguu na kiuno, mikono inauongoza tu. Kiwiko cha baji, yaani bajiquan, huingia vivyo hivyo.

Kunja mkono wa mbele mpaka ngumi ikaribie bega lake, kiganja kikitazama chini, kiwiko usawa wa kifua. Sukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, ingia chini chini bila kunyanyua kichwa, utue katika mkao wa farasi, magoti yamekunjwa kama ya mpanda farasi, ubavu ukimwelekea mpinzani, miguu imeachana kiasi cha upana wa mabega mara mbili, magoti yakifuata vidole. Papo hapo kiwiko cha nyuma kinafunguka upande wa pili. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Viwiko vikitengana kwa pamoja huku nyonga zikizama na utosi ukibaki juu, nguvu inakwenda pande zote kutoka katikati. Walimu wa baji huiita shizijin, nguvu ya msalaba. Mkono wa nyuma ukilala, kiwiliwili kinazunguka, na pigo linageuka kuwa msukumo.

Kosa linalorudiwa sana ni kiwiko kufika kabla ya mguu. Hapo umepiga kwa bega tu. Mguu ukitangulia mno nao, uzito umeshamwagika ardhini na kiwiko kinapata mabaki. Vinatakiwa vifike pamoja, na pumzi itoke hapo hapo. Kosa la pili huzaliwa na umbali: mtu yuko mbali, basi anainama na kunyoosha bega ili amfikie mwenzake. Bega likipanda hadi sikioni, mbavu zako ziko wazi na mizani imekwisha. Umbali unazibwa na hatua. Kama mguu wako wa mbele haujaingia ilipo miguu ya mpinzani, bado hujafika mahali pa kiwiko.

Wing chun, mtindo wa kusini mwa China, inawaza kwa njia nyingine kabisa. Viwiko vyake vingi vimewekwa katika biu jee, fomu ya tatu ya mikono mitupu, na kimojawapo, kup jarn, hushuka kutoka juu, ikipita juu ya mikono ya mpinzani wakati mkono wako umebanwa na njia ya kati, mstari wa katikati ya mwili, imepotea. Ni kiwiko cha kujiokoa. Katika taiji nako, sanaa ya mienendo laini, zhou, yaani kiwiko, ni nguvu ya saba kati ya nane, na hutokea pale kiganja kinapozuiwa: unakunja na kuendelea mbele bila kurudi nyuma.

Kuhusu mfupa wenyewe, ncha ya kiwiko inafaa kwa sehemu laini kama chembe. Kwenye taya au mbavu ni salama zaidi kutumia mfupa wa kigasha, vidole viwili chini ya ncha. Upande wa ndani wa kiwiko kuna neva iliyo karibu sana na ngozi. Ukiugonga, ganzi inashuka hadi kidole cha mwisho na ngumi haifungi vizuri. Na juu ya ncha kuna kifuko cha majimaji ambacho huvimba mtu akipiga begi gumu kila siku.

Kwa hiyo anza na pedi laini inayoshikwa na mwenzako kwenye usawa wa kifua, marudio kumi kila upande, polepole, ukisikiliza kama mguu na kiwiko vinatoa sauti moja. Kukanyaga kwa nguvu kufanyiwe kwenye udongo au mkeka. Juu ya saruji, tua na unyayo mzima bila kishindo. Visigino na magoti ndivyo hulipa kwanza.