Siku moja maishani mwangu: nahakiki mita za mionzi, Arusha

Saa kumi na mbili kasoro robo. Julai ya Arusha si mchezo: sweta, koti, na juu yake kofia ya mtoto niliyoikuta karibu na mlango. Kwenye Hiace jirani yangu anasogea kidogo nikikaa. Amesikia nafanya kazi "ya mionzi", na nadhani anaona kama nimebeba kaa la moto kwenye mkoba. Nilishachoka kueleza. Kazi yangu ni kuhakiki mita zinazopima mionzi, za hospitali na za viwandani, nijue kama zinasema kweli.

Saa mbili. Kibeji kinachorekodi dozi ya mionzi ninayopata kifuani, halafu kipimo cha asubuhi: chanzo kidogo cha seziamu-137, madini yanayotoa mionzi, kilekile, mahali palepale, mpaka kifaa kihesabu mipigo ya mionzi milioni moja. Mionzi hutoka bila mpangilio, kwa hiyo hata milioni huyumba kwa elfu moja hivi, juu au chini. Hiyo ni asilimia 0.1. Naandika daftarini pamoja na joto la chumba: nyuzi 17.

Mpaka saa tano: mita sita, vyeti sita, chai moja iliyopoa.

Saa tano na robo anaingia mzee anayepiga picha viungo vya mabomba ya chuma. Shikamoo, marahaba, kisha anaweka mita yake mezani kama mtu anayerudisha nyama iliyooza. Januari nilimpa cheti. Sasa inasoma pungufu. Naijaribu: pungufu kwa asilimia 14.

"Mwanangu, mita haina kosa. Nimesoma kwenye simu. Julai dunia iko mbali na jua, mionzi inapoa. Wewe niandikie tu cheti."

Kinachoudhi ni kwamba hoja hiyo hakuitunga. Mwaka 2008 Jere Jenkins, Ephraim Fischbach na wenzao wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichukua vipimo vya miaka mingi vya mionzi ya silikoni-32 kutoka maabara ya Brookhaven, Marekani, na ya radiamu-226 kutoka Ujerumani, wakaona wimbi la kila mwaka: juu mwanzoni mwa mwaka, chini katikati, wakalihusisha na umbali wa jua. Na ni kweli, Januari tuko kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua, Julai milioni 152.

"Mzee, wimbi lao lilikuwa kama asilimia 0.1. Wewe una 14."

"Haba na haba hujaza kibaba."

Hapo umeme ukakatika. Jenereta ikagoma. Tukakaa gizani dakika arobaini, mimi na yeye na kibaba chake.

Nikamweleza chombo cha angani cha Cassini kilichokwenda sayari ya Zohali kikitumia joto linalotokana na mionzi ya plutoniamu-238: kilisogelea jua kisha kikaenda mbali kuliko dunia inavyokwenda, na waliochungulia nguvu yake hawakuliona wimbi hilo. Akasema huko angani kuna mambo mengine. Nikamwambia mwaka 2016 Stefaan Pommé na wenzake walikusanya vipimo vya maabara nyingi duniani. Mawimbi hayakukubaliana, kila chumba na lake, na vifaa vilivyotulia zaidi havikuonyesha kitu. Akauliza huyo Pommé anakaa wapi.

Nikatoa daftari langu, kwa mwanga wa simu. Mwaka wangu wa pili hapa nami niliona wimbi, nikafurahi wiki nzima. Kisha nikachora joto la chumba juu yake, mistari ikalaliana. Ujerumani Julai ni kiangazi, sisi tunatetemeka, na umbali wa jua ni uleule. Anayetaka kulisingizia jua aanze na kipimajoto. Hewa ikibadilika nyuzi moja tu, kifaa chetu cha rejea, tunacholinganishia mita zote, kinasogea asilimia 0.3, mara tatu ya wimbi la Purdue. Kwenye reli ya kupimia, mita ikiwa umbali wa mita moja kutoka kwenye chanzo, ikisogea mbele au nyuma milimita moja tu, asilimia 0.2. Hata seziamu yenyewe imepungua asilimia 1.1 tangu Januari, maana hubaki nusu kila miaka 30, na hilo nililipigia hesabu kabla hajafika.

Umeme ukarudi. Nikafungua kifuniko cha betri. Kutu ya kijani, nene kama ukoko wa ugali, kwenye vibanio vyote viwili. Spiriti, mswaki wa zamani, betri mpya, reli, leza, kupima upya mara tano: pungufu ya asilimia 2. Inaruhusiwa.

Mzee akachukua cheti, akakisoma hadi mwisho. "Hizo mbili zilizobaki," akasema, "ndiyo jua."

Sikujibu. Chakula cha mchana nilikila saa ngapi sijui. Mita tatu nyingine, mgongo, mtu wa hospitali aliyekuja bila barua, barua ikaja, mita haina betri. Nikafunga chumba, nikahesabu funguo mara mbili.

Nyumbani, navua koti, naona kibeji bado kiko kifuani. Kinatakiwa kulala kazini, mbali na chanzo. Nimekitundika kwenye msumari wa mlango, chini ya kofia ya mtoto, nisikisahau kesho.