Siku moja maishani mwangu: mratibu katika kampuni inayoishi kwa miradi

Saa moja na nusu asubuhi huwa nimeshakaa mezani nikisoma taarifa za wiki za miradi 11 inayoendelea. Mimi ni mratibu katika ofisi ya usimamizi wa miradi ya kampuni ya ushauri wa kihandisi. Hatuuzi bidhaa, tunaishi kwa mikataba yenye mwanzo na mwisho, na mkataba mmoja ukifungwa kabla mwingine haujapatikana, watu wenye ujuzi wa miaka mingi hukaa bila kazi. Wengi, hata wenzangu wa ghorofa moja, hudhani kwamba kazi yangu ni kukusanya fomu na kuwakumbusha mameneja tarehe zao. Naandika haya kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba mkakati wa kampuni, unaodhaniwa kuandikwa mara moja kila baada ya miaka 5 na kuhifadhiwa kabatini, hutekelezwa au hupotea katika mambo madogo ninayoyashughulikia kila siku.

Saa mbili na nusu nilikuwa nimekwisha kuona mradi uliokuwa na tatizo. Bajeti yake tuihesabu kuwa ni 100: kazi iliyokwisha kufanyika ilistahili kugharimu 40, lakini fedha zilizokwisha kutumika ni 50. Ukigawa 40 kwa 50 unapata 0.8, yaani kila 1 iliyotumika imeleta kazi ya thamani ya 0.8 tu, na mwendo huo ukiendelea hadi mwisho, mradi wa 100 utagharimu 125 (100 kugawa kwa 0.8). Niliandika maelezo mafupi kwa mkurugenzi, kisha nikaenda kwenye kikao cha zabuni.

Kikao cha saa tatu kilikuwa cha kuamua kama tuombe kazi ya kusimamia ujenzi wa jengo kubwa la mteja wetu wa siku nyingi. Mpango mkakati wetu unasema wazi kwamba tunajenga uwezo katika mifumo ya maji na tunapunguza kazi za majengo. Hata hivyo, katika mikataba 8 ya mwisho tuliyoikubali, 6 ilikuwa ya majengo, na kila mmoja ulikubaliwa kwa sababu nzuri: fedha zilihitajika, mteja alikuwa mwaminifu, timu ilikuwa imekaa bure. Mwaka 1978 Henry Mintzberg, msomi wa usimamizi, aliueleza mkakati kuwa ni mpangilio unaoonekana katika mfululizo wa maamuzi, na kwa kipimo hicho sisi ni kampuni ya majengo, hata kama waraka wetu unasema maji. Niliyasema hayo mbele ya wakubwa kwa sauti iliyotulia, ingawa moyo ulikuwa unanienda mbio. Zabuni ile hatukuiomba.

Saa nne na nusu tulipaswa kugawa wataalamu kwa dakika 30 tu. Tulitoka saa nane.

Mhandisi mmoja wa maji, ambaye jina lake tuliliandika katika zabuni ya mradi mpya na ambaye sifa zake ndizo zilizotupatia alama, alikuwa bado katika ule mradi wenye tatizo. Mteja mpya anamsubiri, na kumbadilisha mtaalamu mkuu aliyetajwa katika mkataba kunahitaji idhini ya mteja. Meneja wa mradi wa zamani alikataa kumwachia. Nilimweleza mara ya kwanza, mara ya pili, nikafungua ratiba ukutani, nikamwonyesha tarehe. Akaniambia, "Dada yangu, ukimtoa mhandisi leo, mradi huu utaniangukia mimi, wala hakuna atakayekumbuka kwamba mlimchukua." Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimeanza kukasirika, lakini maneno hayo yalinizuia. Alikuwa anasema kweli. Meneja wa mradi hupimwa kwa gharama, muda na ubora wa mradi wake peke yake. Hakuna safu katika fomu zetu inayompa sifa kwa kumwachia mtu ambaye kampuni inamhitaji kwingine. Tunamtaka aubebe mkakati wa wote huku tukimhukumu kwa mradi mmoja, na hilo naliona ni kosa letu sisi wa makao makuu.

Tulibishana tena juu ya siku, juu ya michoro iliyobaki, juu ya nani atajibu simu za mteja. Mwishowe tulikubaliana kwamba mhandisi agawe wiki yake, siku 3 kwa mradi mpya na 2 kwa wa zamani, kwa muda wa wiki 4, na mkurugenzi athibitishe kwa maandishi kwamba gharama ya ucheleweshaji haitahesabiwa dhidi ya meneja.

Mchana ulipita kwa simu na barua pepe. Jioni nilikuwa nimepanga kikao cha kukusanya mafunzo ya mradi uliofungwa mwezi uliopita, lakini kati ya watu 9 walifika 2, kwa kuwa wengine wameshatawanywa kwenye miradi mingine. Hili ndilo linaloniuma kuliko mabishano ya mchana, kwa sababu timu ikivunjika, ilichokijua huondoka nayo. Niliwahoji hao wawili, nikaandika kurasa 4 juu ya namna walivyopata vibali mapema, na nikamtumia meneja wa mradi mpya wa maji kabla sijazima kompyuta. Giza lilikuwa limeshaingia. Kabla sijaondoka niliongeza safu moja katika fomu ya tathmini ya mameneja, "wataalamu walioachiwa kwa ajili ya miradi mingine", nikaiambatisha kwenye ajenda ya kesho.