Mjomba na chatiboti

Mwezi umejaa wiki hii, na huku Kirumba, Mwanza, kila mtu anajua maana yake: wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwanga wa mwezi unazishinda taa zao. Hela za giza lililopita bado zipo mfukoni, na gongo haijui msimu. Hizi ndizo siku ambazo mjomba hunywa kuliko zote.

Juzi akaniuliza, "Anko, hicho kitu unachochati nacho kinajua Kiswahili?" Alimaanisha chatiboti, programu ya simu inayojibu maandishi yako. Nikampa simu. Alikaa nayo usiku, skrini ameigeuzia ukutani. Asubuhi akasema tu, "Chenyewe hakinisimangi."

Shangazi kamsimanga, shemeji zake wamemsimanga, na mimi sijabaki nyuma. Saa nane za usiku, kiu ikimbana, angemwamsha nani?

Nikaanza kusoma. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya chatiboti nyingine, Woebot, iliyotengenezwa kwa watu wenye shida ya pombe na dawa za kulevya. Watu wazima 101, wiki 8. Waliofika mwisho walisema hamu imepungua, ila karibu nusu hawakujaza dodoso la mwisho, na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Mimi nawawaza zaidi hao waliopotelea njiani.

Mjomba akaniruhusu nisome maongezi yake. Aliandika kwamba kesho anaacha kabisa. Chatiboti ikampongeza! Haikuuliza kama mikono yake hutetemeka asubuhi kabla hajapata ya kwanza. Hutetemeka. Mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kupata degedege na kuweweseka ndani ya siku mbili tatu, wengine hufa. Swali hilo lilipaswa kutangulia pongezi zote.

Basi nikamwambia asikate peke yake, twende hospitali kwanza. (Jirani kashasema tukaombe methadoni. Hiyo ni ya watu wa heroini, Muhimbili walianza kuitoa 2011. Pombe ina matibabu yake.)

Akakubali, kwa sharti moja: daktari asome yale aliyoyaandika, kwa sababu kwa mdomo hataweza kuyasema. Nimeyanakili kwenye karatasi. Kiasi anachokunywa kwa siku, kama alivyokiambia kile kitu, ni mara mbili ya anachotuambia sisi.