Pointi 110 za Cayman

Jamani, barua imefika! Baada ya miaka 8 ya vibali vya kazi hapa Grand Cayman, kisiwa cha Karibiani, niliomba ukaazi wa kudumu. Huku unapimwa kwa pointi, na lazima ufikishe 110: kazi, elimu, akiba, mali uliyowekeza kisiwani, hata kujitolea kwenye jamii. Uhasibu wangu ulinibeba. Kilichonitoa jasho ni mtihani wa historia! Zile meli 10 zilizogonga miamba kule East End mwaka 1794 nilizikariri mpaka mume wangu akasema nazitaja usingizini. Cheti cha tabia njema kutoka Nairobi nacho kilichukua muda wake.

Nimempigia Mama. Kashangilia weee, halafu akauliza, "Sasa nyumbani unakuja lini?"

Nikanyamaza kidogo.