Buibui wa Bibi kwenye mti wetu

Moshi, Desemba 23

Kila mwaka wiki hii nyumba yetu hufanyiwa usafi mpaka darini. Wageni wanapanda kutoka Dar, na mama hataki mtu akae sebuleni aone tandabui. Kona za juu ni kazi yangu tangu utotoni: unafunga ufagio wa chelewa kwenye fito, unazungusha, utando unajisokota kama pamba chafu. Leo nimefagia zote nikaiacha moja, ya juu ya dirisha. Mama ametazama, hakusema kitu. Anajua.

Mwaka 2019 nilikuwa Kharkiv, Ukraine, nasomea udaktari, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jioni ya Januari 6, mkesha wa Krismasi yao kwa kalenda ya zamani, aliniita mezani. Vyakula kumi na viwili, nyama hakuna hata kipande, na hakuna kugusa kitu mpaka nyota ya kwanza itokeze. Tulianza na kutya, ngano iliyochemshwa ikatiwa asali.

Ndipo nikamwona. Ndani kabisa ya mti wa Krismasi, karibu na shina, ananing'inia buibui. Tumbo ni shanga moja kubwa ya bluu, miguu minane ni waya uliovishwa shanga ndogo za fedha. Wanamwita pavuchok. Bibi akanisimulia: palikuwa na mjane fukara, na msonobari uliojiotea ndani ya kibanda chake. Krismasi ikafika, hana cha kuupambia, wanawe wakalala na huzuni. Usiku buibui wa kibandani wakautanda mti mzima. Jua la asubuhi lilipopiga, nyuzi zikageuka fedha na dhahabu.

Kilichonishika mimi ni kwamba wale buibui hawakuwa na zawadi nyingine. Walitoa kilekile ninachokizungusha kwenye ufagio kila Desemba.

Rafiki yangu wa Tanga, tuliyesoma naye kule, hakushangaa. Kwao buibui hauawi ovyo. Wamekua wakisimuliwa jinsi utando wake ulivyoziba mlango wa pango la Thaur, Mtume Muhammad na sahaba wake Abu Bakr wakiwa wamejificha ndani.

Februari 2022 vita vilipoanza, tuliondoka kwa treni mpaka Lviv, kisha Poland. Bibi alikataa katakata kuondoka. Alimviringisha buibui kwenye pamba, akamtia ndani ya boksi la kiberiti, akalisukuma mfukoni mwa koti langu.

Sasa anakaa kwenye tawi la msaipresi, ndani ya ndoo ya mchanga. Na Januari hatuisubiri tena: tangu 2023 nchi yao imeihamishia Krismasi Desemba 25, basi tunakula siku moja.

Jioni hii nimempigia Bibi kwa video. Umeme ulikuwa umekatika kwake, kawasha mshumaa. Mama akaingia na shikamoo yake, Bibi akaitikia marahaba, neno nililomfundisha mwenyewe. Nikasogeza simu kwenye mti. Hakumwona.

"Ndani zaidi, Bibi. Karibu na shina."

Alipomwona alinyamaza, akaanza kuhesabu miguu. Saba. Mmoja ulikatika njiani na sikuwahi kumwambia. Hakuuliza ulivyokatika. Alinielekeza tu: waya mwembamba wa shaba, shanga sita, ncha uipinde mara mbili zisichomoke.

Kesho asubuhi nateremka Mbuyuni kutafuta shanga za fedha.