Wazee wa kuokota okota

Huyu mzee wa Kifaransa nimemfuatilia kiasi kwamba nyumbani wakisikia naanza stori zake wanakumbuka ghafla kwamba kuna vyombo havijaoshwa, kwa hiyo leo namleta huku, mtanivumilia.

Anaitwa Ferdinand Cheval. Mpeleka barua wa posta, kijiji kinaitwa Hauterives, kusini mashariki mwa Ufaransa. Kazi yenyewe ni kutembea kwa miguu, kama kilomita 30 kila siku, kupanda na kushuka vilima na mfuko wa barua begani. Sasa siku moja mwaka 1879, jamaa ana miaka 43, akajikwaa kwenye jiwe nusura ale mweleka. Mimi na wewe hapo tungelisonya tukaendelea na safari. Yeye akainama kuliangalia, akaona lina umbo la ajabu, akalitia mfukoni, na kesho yake akarudi palepale akakuta mengine mazuri zaidi, na kuanzia hapo akili ikahama moja kwa moja. Akajiambia kama maumbile yenyewe yanajua kuchonga, basi yeye atafanya uashi.

Uashi hajawahi kusomea. Hajasomea kitu chochote cha ujenzi kwa kweli.

Alianza na mifuko, mifuko ikawa inachanika mkewe anashona, akahamia kwenye kapu, kapu nalo likaelemewa, akachukua toroli. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mchana akiwa kazini anayaona mawe anayakusanya vifungu vifungu kando ya njia, akimaliza kugawa barua anarudi na toroli kuyafuata, halafu usiku anawasha taa anajenga bustanini kwake. Kijiji kizima kinamwona. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu walikuwa wanamwita mjinga anayejaza mawe kwenye shamba lake, na wala hakuonekana kuumia sana, aliendelea tu.

Miaka 33. Akaja kumaliza 1912.

Alichojenga wanakiita Palais Idéal, yaani kasri kamili kama alivyoliota, lina urefu wa mita 26 kutoka mwisho hadi mwisho na kila sentimita imejaa vitu, wanyama, miti ya mawe, konokono, maandishi, ngazi za kupanda juu. Na kumbuka huyu mtu hajasafiri popote! Dunia aliiona kwenye kadi za posta na magazeti ya picha aliyokuwa anawapelekea watu wengine. Ndiyo maana ukuta mmoja una hekalu la Kihindu, msikiti, nyumba ya Uswisi na ngome ya kizamani, vyote vimebanana pamoja kama vile ni majirani wa siku nyingi. Upande mwingine kuna majitu matatu marefu yamesimama kulinda, Julius Caesar wa Roma, Vercingetorix mkuu wa Wagaul, na Archimedes wa Ugiriki ya kale. Caesar na Vercingetorix walipigana vita kweli kweli, mmoja akamfunga mwenzake, Cheval akawasimamisha zamu moja na mtaalamu wa hesabu katikati ya stori yao, nani wa kumuuliza?

Ila kinachoniua mimi ni toroli. Lile toroli alilijengea chumba chake ndani ya kasri. Lina pahali pake maalumu na maneno yake ukutani, kama vile mfalme anavyowekwa. Mtu kajenga kasri miaka 33 halafu mpangaji wa heshima ni toroli, aisee.

Alitaka azikwe humo humo, sheria ikakataa, huwezi kuzikwa nyumbani kwako hivi hivi. Basi mzee keshapita miaka 75 akachukua toroli tena, akaenda makaburini akajenga kaburi lake kwa mtindo uleule, likamchukua miaka mingine 8, akafa 1924. Miaka ya 60 wizara ya utamaduni ya Ufaransa ilipoanza kujadili kama lile kasri lilindwe, kuna ripoti iliandikwa kwamba kitu chote ni kibaya cha kutisha na ni mawazo yaliyovurugana ya mtu wa shamba. Waziri mwenyewe, André Malraux, akapuuza, mwaka 1969 akalitangaza kuwa jengo la kihistoria. Ambao waliandika ripoti leo hatuwajui hata majina.

Sasa nikadhani Cheval yuko peke yake, kumbe wapo, na wanafanana mpaka inatisha.

Los Angeles, mtaa wa Watts, kuna muhamiaji wa Kitaliano anaitwa Simon Rodia, kibarua wa ujenzi na vigae. 1921 akanunua kiplot cha pembetatu karibu na reli akaanza kusimamisha minara. Chuma, wavu wa waya, saruji, halafu kabla saruji haijakauka anachomeka vipande vya chupa, sahani zilizovunjika, vigae, magamba ya kome. Watoto wa mtaa wanamletea vikombe vilivyovunjika anawapa visenti. Hana mashine ya kuchomelea, hana jukwaa la mafundi, anapanda na mkanda kiunoni kama wale wanaosafisha madirisha ya magorofa, na chuma cha kukunja alikuwa anakiingiza chini ya reli ya treni anakikunjia hapo. Mnara mrefu zaidi umefika mita 30 hivi. Hiyo ni gorofa kumi kajenga mtu mmoja mfupi kwa mikono. Akamaliza 1954, hesabu tena ni miaka 33, mi sina maelezo.

Na alipomaliza akaondoka! Akampa jirani kiwanja akahamia mji mwingine na hakutaka tena kuishi hapo. Watu wakimuuliza kwa nini ulijenga, anasema alikuwa na nia ya kufanya kitu kikubwa akakifanya. Basi.

Huku nyuma manispaa wakaja na karatasi yao, minara ni hatari, haina kibali, ibomolewe. Jamaa wawili wakainunua kwa dola 3,000, na injinia mmoja anaitwa Bud Goldstone akasema sawa, kama mnasema ni hatari tuipime. Tarehe 10 Oktoba 1959 watu wamejaa mtaani, kamba za chuma zimefungwa kwenye mnara mrefu, wakauvuta kwa pembeni nguvu ya kama kilo 4,500, polepole wanaongeza, wanaongeza, kila mtu anasubiri uanguke. Mnara umetulia. Kilichoanza kupinda ni chuma cha kile kifaa kilichokuwa kinauvuta. Wakafunga jaribio hapo hapo, na minara ipo mpaka leo, tangu 1990 ni alama ya kihistoria ya taifa la Marekani.

Kila nikisoma sehemu ya kupinda nacheka peke yangu. Na hivi kweli hesabu za uimara alizipata wapi yule mzee? Alikuwa fundi wa mikono tu, lakini fundi mzuri anajua kitu kitasimama au hakisimami hata kama hawezi kukuandikia fomula, hili mtu yeyote aliyewahi kujengewa na fundi wa mtaani mwenye mkono analijua (na aliyejengewa na yule mwingine analijua zaidi).

Wa tatu ndiye mwenye roho ngumu kuliko wote. Nek Chand, wa India. Kazaliwa 1924 kijiji ambacho kwenye mgawanyo wa India na Pakistan wa 1947 kikaangukia Pakistan, wakakimbia, akaja kupata kazi ya ukaguzi wa barabara serikalini pale Chandigarh. Chandigarh ni ule mji mpya uliochorwa na Le Corbusier, msanifu majengo mashuhuri, kila kitu mstari, kila mtaa ni sekta na namba yake. Ili upatikane huo mji vijiji zaidi ya 20 vilibomolewa. Sasa huyu mkaguzi akitoka kazini anapanda baiskeli anapita kwenye vifusi vya vile vijiji anaokota, bangili zilizovunjika, vyungu, sinki, masoketi ya umeme, vigae vya chooni, anavipeleka porini kwenye korongo la msitu wa serikali ambapo hairuhusiwi kujenga hata banda la kuku. Huko ndani anajenga ufalme. Watu, nyani, ngamia, tausi, wacheza ngoma, mamia wamejipanga safu safu, nguo zao ni vipande vya bangili za glasi. Karibu miaka 18 hakuna mkubwa aliyejua! Mfanyakazi wa serikali, anatumia vifusi vya serikali, kwenye ardhi ya serikali, na serikali haina habari.

Walipogundua katikati ya miaka ya 70 kisheria ilikuwa ni kuvunja tu. Ila wananchi wakaanza kumiminika kuangalia, na kuna wakubwa waliokuwa na akili wakaona hii hatuvunji. 1976 ikafunguliwa rasmi, yeye akapewa cheo na mshahara na vibarua 50 aendelee kujenga alichokuwa anajenga kwa wizi. Mwaka 1990 kuna waliotaka kupitisha barabara ndani yake, mabuldoza yakaja, watu wa mji wakasimama mbele wameshikana mikono mpaka yakarudi. Alifariki 2015 na bustani yake hiyo, inaitwa Rock Garden, bado inajaa watu.

Sasa nisemacho mimi ni hiki, na najua nitachokoza watu. Siku hizi ukitengeneza kitu kwa takataka lazima uwe na ujumbe. Mtu anakusanya vizibo vya soda anatengeneza twiga mzuri kabisa, halafu pembeni kuna bango refu kuliko twiga linaeleza utunzaji wa mazingira, uwezeshaji wa vijana na majina ya wafadhili. Cheval hakuwa anaokoa mazingira, jamaa alitaka kasri. Rodia alitaka kitu kikubwa. Hawakuandika propozali, na wangeandika wasingepata hata shilingi maana ukiulizwa mradi unamnufaisha nani utajibu nini, utasema toroli?

Ila sitaki kuwa mkorofi bila sababu, kwa sababu upo mradi mmoja wa huku kwetu wenye ujumbe mpaka kwenye mlingoti na bado naupenda kupita kiasi. Flipflopi, jahazi la Lamu. Mita 9 hivi, limejengwa kwa kama tani 10 za plastiki iliyookotwa, na mwilini limevalishwa ndala. Ndala 30,000 hivi za kutoka ufukweni. Ukikaa pwani unajua bahari haijawahi kumrudishia mtu ndala jozi, inaleta wa kushoto leo, wa kulia ameshafika Somalia, basi hizo ndala mojamoja ndizo zikakatwa vipande, nyekundu, bluu, njano, kijani, zikapangwa ubavuni mpaka chombo kizima kinaonekana kama khanga ya harusini.

Wazo lilikuwa la Ben Morison, lakini wazo haliingii majini. Aliyeliingiza majini ni fundi Ali Skanda na wenzake wa Lamu, watu ambao ujenzi wa majahazi ni urithi. Hebu fikiria fundi wa majahazi unaletewa plastiki unaambiwa toa mkuku hapa (uti wa mgongo wa chombo), toa mataruma (mbavu zake), toa mbao za ubavuni. Mbao ina nyuzi, unaifuata inavyotaka kwenda, unajua ya mti upi inakaa chini ya maji na ipi inakaa juu. Plastiki haina mwenendo, jua likiwaka inalegea, ukiikaza sana inakunja sura. Wakaichonga kwa vifaa vilevile, wakaisimamisha chombo kwa umbo lilelile la jahazi la Lamu ambalo babu zao wangelitambua kwa mbali (wangekuja karibu ndio wangeuliza hizi ndala za nini). Septemba 2018 likashushwa majini. Mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kilomita 500 hivi, linasimama njiani watu wanakuja kuligusa. 2021 likapelekwa Ziwa Victoria, likazunguka Kenya, Uganda na Tanzania.

Ujumbe wa plastiki watu wameusikia mara ngapi, hata mtoto wa chekechea anauimba. Mi nadhani waliokuja ufukweni walikuja kuona kama litaelea, sawa na wale wa Watts waliokuja kuona kama mnara utaanguka. Likaelea, fundi akawa amemaliza hotuba.

Na kabla sijasahau, Nairobi yupo Cyrus Kabiru, mtoto wa Korogocho, anatengeneza miwani. Miwani ya waya, visoda, vijiko, vipuri vya redio, mingine mikubwa inafunika nusu ya uso na huoni kitu ukiivaa. Alipokuwa mdogo alitaka miwani, baba akamwambia kama unataka tengeneza mwenyewe. Akatengeneza! Sasa inazunguka majumba ya sanaa ya dunia. Huyu ni mdogo kwa wale wazee kwa kila hali lakini damu ni moja, ameona kitu chini akainama.

Ninachotaka sasa ni wa kwetu ambao hawajajulikana. Lazima wapo. Kuna yule mtu wa kila mtaa ambaye ua wake umejaa mabati na tairi na vichwa vya midoli na mkewe keshakata tamaa, na huenda nusu yao ni wakusanya takataka tu wa kawaida, lakini nusu nyingine wanajenga kitu na hawajamwambia mtu. Kama unamjua mmoja nitumie picha. Jina lake na mtaa usiweke hadharani, manispaa nao wana bando.